Hamsini na Saba hadi Matema: pikipiki mbili kwenye Nyanda za Juu Kusini

Mtu akitangaza kwamba anakwenda safari ndefu ya pikipiki milimani, swali la kwanza analoulizwa ni kama injini itapanda. Itapanda. Boxer 150 au TVS yenye afya, ikiwa na mzigo wa kiasi, itapanda mlima wowote ambao Fuso la viazi linaupanda, ila polepole. Swali linalostahili kuumiza kichwa ni itashukaje. Breki zilizoungua, vidole vilivyokufa ganzi kwenye klachi, mwenzako aliyebaki nyuma gizani pasipo na mtandao: mambo haya mara nyingi huzaliwa kwenye mteremko, au kwenye haraka ya kuuwahi. Kwa hiyo hata nitakapozungumzia mzigo, gia au saa ya kuondoka, hesabu ninayopiga ni ya kushuka.

Njia yenyewe ni hii. Unaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya pale Chimala, kwenye ukingo wa tambarare za Usangu, unapanda kona za Hamsini na Saba hadi Matamba, unavuka uwanda wa Kitulo, unateremka kwa Kikondo hadi Isyonje, halafu unashika lami kupitia Kiwira na Tukuyu kuelekea Kyela. Ukifika Kikusya unakunja kupitia Ipinda hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Chimala iko mita elfu moja na ushee juu ya usawa wa bahari, Kitulo ni kama mita 2,600, na ziwa liko chini ya mita 500. Yaani unapanda mita 1,500 hivi kisha unashuka zaidi ya 2,000. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anayetoka jasho Chimala atatetemeka Kitulo na atavua koti Ipinda.

Msimu wa mvua huku ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Mei hivi. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, huchanua humo humo ndani ya mvua, Desemba hadi Aprili. Anayefuata maua ya okidi ajue analipa kwa tope. Juni na Julai barabara ni kavu lakini usiku ni mkali, na asubuhi majani huamka meupe kwa jalidi. Kwa wanaokwenda mara ya kwanza ningechagua Septemba au Oktoba mwanzoni: vumbi lipo, ila tairi linashika na mikono inafanya kazi. Hali ya barabara ya Hamsini na Saba hubadilika kila baada ya masika, hivyo usipange kwa taarifa za mwaka jana. Waulize madereva wa Noah na wa malori ya viazi wanaopakia Chimala, tena waulize kuhusu jana na leo, maana wao wameshuka asubuhi hiyo hiyo.

Pikipiki zenu ziwe za aina moja. Hili ndilo jambo ambalo marafiki wawili hulipuuza kwa sababu kila mmoja anaipenda yake, na ndilo linalopunguza mzigo na matatizo kuliko jingine lolote. Boxer mbili zinatumia tyubu zilezile, waya uleule wa klachi, plagi ileile, spana zilezile. Mnabeba seti moja badala ya mbili, na pikipiki moja ikigoma mnaweza kubadilishana kifaa kimoja kimoja mpaka mjue kilichokufa. Plagi ya nzima ukiitia kwenye mbovu na ikawaka, umemaliza uchunguzi kwa dakika tano. Tena fundi wa Matamba au wa Ipinda ana vipuri vya Boxer, TVS na Haojue, kwa kuwa ndizo bodaboda za hapo. Pikipiki kubwa ya kifahari ikivunjika mkono wa klachi huko, kifaa kinasubiriwa kutoka Mbeya au Dar.

Vipuri vya kubebwa na wawili: tyubu mbili za nyuma na moja ya mbele (kwa Boxer ni 3.00-17 na 2.75-17), waya wa klachi, waya wa akseleta, plagi mbili, fyuzi, kiungio cha cheni na klipu yake, balbu ya taa kubwa, mkono mmoja wa klachi na mmoja wa breki, nati na boliti za namba 10 na 12, waya wa kufungia, gundi kali, na mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ambayo bodaboda hufungia mizigo. Waya mpya wa klachi unaweza kuulaza kabisa sambamba na ule unaotumika na kuufunga kwa tepu, ili wa kwanza ukikatika uhamishe ncha mbili tu. Oili lita moja inawatosha wote kwa kuongezea. Spana msichukue kwa kukisia. Kabla ya safari, fungueni na mfunge magurudumu yote mawili, plagi, chujio la hewa na kabureta nyumbani, mkitumia zile tu mtakazobeba. Ile mliyolazimika kuifuata ndani ndiyo iliyopungua.

Cheni ina jambo lake. Watu huikaza pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, bila mtu wala mzigo, halafu mtu anakaa na kupakia, shokapu za nyuma zinabonyea, cheni inakakamaa na kuvuta sproketi na beringi mlima mzima. Pakia kwanza, kaa, kisha mwenzako apime katikati ya cheni: inyanyuke na kushuka kati ya sentimita 2 na 3. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, maana cheni iliyochoka hukaza upande mmoja na kulegea mwingine, na hiyo dawa yake ni kubadilishwa pamoja na sproketi zake. Klipu ya kiungio ikae upande wake uliozibwa ukielekea cheni inakokwenda, la sivyo jiwe moja linaichomoa. Oili nzito ya gia, ile ya 90, itiwe jioni cheni ikiwa bado ya moto, ipate usiku mzima wa kupenya.

Mzigo usizidi kilo 15 kila pikipiki, na kinachohesabika zaidi ni mahali ulipokaa. Vitu vizito, yaani spana, tyubu, oili na maji, vikae chini na karibu na goti lako, kwenye mifuko ya pembeni au juu ya tenki. Kwenye keria nyuma weka nguo na blanketi tu. Mzigo mzito ukining'inia nyuma ya ekseli, unapopanda kona kali usukani unakuwa mwepesi na tairi la mbele linaelea juu ya kokoto badala ya kukata kona. Ukianza kushuka, mzigo uleule uliofungwa kwa mpira unakusukuma mgongoni kila unapobana breki. Chochote kinachoweza kuyeyuka kiwe mbali na egzosi, na ncha za mipira zisiachwe zikining'inia, kwa kuwa zikinaswa na cheni hufunga gurudumu la nyuma papo hapo.

Sasa kupanda. Hamsini na Saba ni hesabu ya kona, na nyingi zimejikunja kabisa, unaangalia chini ya bega lako unaona ulikopita. Panda asubuhi, jua likiwa limekwisha kausha umande. Gia ichaguliwe kabla ya kona. Ukibadilisha katikati ya kona kali, nguvu inakatika sekunde moja, pikipiki inasimama na wewe unaanza kurudi nyuma na mzigo. Ikitokea, bana breki zote mbili, weka mguu wa upande wa mlima chini, usiweke wa upande wa bonde, na usijaribu kuondoka kwa klachi ya nusu nusu mara tatu nne: klachi itanuka na kuanza kuteleza, na klachi iliyoungua haiponi. Ni bora mwenzako ateremke kusukuma mita tano. Kila mmoja aingie kwenye kona baada ya mwenziwe kuimaliza. Piga honi kabla ya kila kona isiyoonekana, kwa sababu lori linaloshuka linahitaji upana wote wa barabara na halina uwezo wa kusimama ghafla kwa ajili yako.

Karibu na Matamba na kuendelea, pikipiki ya kabureta huanza kubadilika tabia. Haikai sailensa (mungurumo wa injini ikiwa akseleta haijavutwa), inamisi ukifungua akseleta yote, moshi unatoka mweusi kidogo, asubuhi inawaka kwa shida halafu inakunywa mafuta kuliko jana. Haijaharibika. Kila mita 1,000 hewa hupungua uzito kwa takribani asilimia 10, lakini jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha mafuta, inaendelea kumimina petroli karibu kiasi kilekile. Mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa. Kwenye uwanda wa Kitulo injini imepoteza karibu robo ya nguvu zake, na hilo hakuna fundi anayeweza kulirudisha. Unachoweza kurekebisha ni uwiano.

Anza na rahisi. Safisha chujio la hewa, kwa sababu vumbi la Hamsini na Saba pekee linatosha kulifunga nusu, na chujio chafu juu ya hewa nyepesi ni matatizo mawili kwa mpigo. Kisha pandisha sailensa kidogo kwa skrubu yake. Halafu skrubu ya mchanganyiko: angalia iko upande gani wa kabureta. Ikiwa iko upande wa chujio, inaongoza hewa, kwa hiyo unaifungua kidogo. Ikiwa iko upande wa injini, inaongoza mafuta, kwa hiyo unaibana kidogo. Robo mzunguko kwa mara moja, usikilize, kisha robo nyingine. Kabla ya kugusa chochote, ibane taratibu hadi mwisho ukihesabu mizunguko, uandike, urudishe palepale. Hesabu hiyo utaihitaji ukifika chini.

Kama mtakaa juu siku kadhaa na bado inakohoa, hamisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja kwenda juu, ili sindano ishuke na kuziba mafuta zaidi. Kwa safari ya kuvuka tu sioni haja, na kuna sababu ya kutosha ya kuiacha: ukisahau kuirudisha ukashuka Kyela hivyo hivyo, huko chini hewa ni nzito na mafuta yatakuwa machache, injini itachemka, plagi itatoka nyeupe na pistoni inaweza kuungua. Pikipiki za fyuo injekshi, zisizo na kabureta, hujirekebisha zenyewe na hazihusiki na habari hii.

Kitulo yenyewe ni ya kupita kwa utulivu. Ni uwanda wa nyasi, upepo hauna kizuizi, na pikipiki nyepesi yenye mabegi mapana pembeni husukumwa nusu barabara. Kaa kati ya kilomita 30 na 40 kwa saa. Barabara ya umma inapita, lakini njia za ndani ya hifadhi zina taratibu na malipo yake. Kama mnataka kukaa, pitieni ofisi ya hifadhi Matamba kwanza mkaulize kuhusu pikipiki na mahali pa kulala. Mafuta jazeni Chimala hadi juu. Boxer ina tenki la lita 11 na kwenye lami tambarare hufika kilomita 45 kwa lita au zaidi, lakini kwa mlima, mzigo na gia nzito hesabu 30. Petroli ya vijijini inauzwa kwenye chupa na vidumu. Iweke kwenye chupa angavu uiache itulie dakika kadhaa. Maji, yakiwemo, yatakaa chini yakionekana kama tone linalotembea. Mimina ya juu kupitia kitambaa, ya chini iache.

Baridi inahitaji heshima yake. Wengi hufunika kifua na kusahau mikono, na mkono ndio unaobana breki. Dalili ya hatari ni pale unapohitaji kutazama ili ujue kidole kiko kwenye mkono wa breki au hakipo. Hapo simameni, mikono iende kwapani au karibu na injini (bila kuigusa), na msiendelee mpaka uweze kugusa kidole gumba kwa kila kidole haraka. Glavu za ngozi ndani na za plastiki za jikoni zilizo kubwa juu yake huzuia upepo na mvua kwa bei ndogo. Waendesha bodaboda wa Makete na Njombe huvaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, na wana sababu: upepo haupiti kwenye zipu. Gambuti ni bora kuliko viatu vya michezo kwenye tope, mradi ziwe zinabana kifundo cha mguu.

Tunafika kwenye kushuka. Kutoka ukingo wa Kitulo kwenda Isyonje barabara inaporomoka kupitia mashamba ya viazi na pareto, halafu lami inaendelea kushuka hadi Kiwira, Tukuyu, na chini zaidi hadi bonde la Kyela. Mteremko mrefu namna hii unaua breki za ngoma kwa utaratibu unaofaa kueleweka. Shuu, yaani vipande vya breki vilivyo ndani ya gurudumu, zinasuguana na ngoma, joto linapanda, ngoma inatanuka na kujitenga na shuu, kwa hiyo mkono wa breki unakaribia usukani zaidi kila unapoubana. Joto likizidi, gundi iliyoshikilia msuguo wa shuu inatoa gesi na uso wake unakuwa laini wa kung'aa. Hapo unabana kwa nguvu zote na pikipiki haisikii. Harufu ya kuungua huja kabla, na yeyote kati yenu akiisikia, wote wawili mnasimama.

Kosa la hatari linalofanyika hapo ni kushika nati ya kurekebishia na kukaza breki zikiwa za moto. Zitashika, ni kweli, kwa dakika chache. Ngoma ikipoa inasinyaa, shuu ulizozisogeza zinabaki zikiisugua muda wote, joto linarudi hata bila wewe kubana, na safari hii gurudumu linaweza kujifunga. Usimwagie maji pia, kwa kuwa chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Simama mahali pa tambarare, tia jiwe nyuma ya tairi, subiri mpaka uweze kuweka kiganja kwenye ngoma bila kukitoa. Ndipo ukague na kukaza. Breki za diski zina ugonjwa mwingine: oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na oili yenye maji huchemka mapema. Ikichemka mkono unakwenda hadi mwisho bila kitu. Badilisha oili hiyo kabla ya safari, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko.

Kinga ni gia. Gia uliyohitaji kupanda mlima ule ndiyo ya kuushukia, na mara nyingi ni ya pili. Akseleta imefungwa, klachi imeachwa, injini inalia na kukuzuia yenyewe. Ukiona bado unaongeza mwendo, gia ni nyepesi, punguza moja. Kuweka frii au kuzima injini ili kuokoa petroli, kama wanavyofanya baadhi ya bodaboda wa mlimani, ni kuziachia breki kazi yote, na petroli inayookolewa haifiki bei ya soda. Breki zitumike kwa kubana imara kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha kuachia kabisa zipumue. Kuziegemea kidogo kidogo muda wote ndiko kunakozichemsha. Kwenye lami kavu breki ya mbele inafanya kazi kubwa. Kwenye kokoto iguse kwa vidole viwili pikipiki ikiwa imesimama wima, na usiiguse ukiwa umelala kwenye kona. Baada ya kuvuka maji, shikilia breki kidogo kwa mita mia kadhaa ili ngoma zikauke, na hakikisha zimerudi kabla ya mteremko unaofuata.

Kuanzia Isyonje kuna ukungu, na kuanzia Kiwira kuna mvua. Tukuyu hunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo koti la mvua likae juu ya mzigo, si chini yake. Barabara hii inakwenda mpaka wa Kasumulu na Malawi, ina malori na matenki ya mafuta, na kwenye kona utakuta michirizi ya dizeli inayong'aa kwa rangi. Ndani ya nusu saa ya kwanza ya mvua, lami ni telezi kuliko itakavyokuwa baadaye, maana vumbi na oili bado havijasombwa. Pale inapoanza kunyesha ndipo pa kusimama ununue ndizi na chai. Usiovateki lori kwenye mteremko ati kwa sababu linakwenda taratibu. Dereva anashuka na gia nzito kama wewe, na akilazimika kuhama upande hakuoni. Kaa nyuma mahali ambapo unaiona sura yake kwenye kioo chake.

Kusafiri wawili kunahitaji makubaliano yanayosemwa kwa mdomo kabla ya kuwasha. Mwenye uzoefu mdogo au pikipiki dhaifu atangulie mlimani na mwendo uwe wake. Akiwa nyuma atalazimika kukimbiza, na anayekimbiza huingia kona kwa mwendo wa mwenzake badala ya wake. Wa mbele ana wajibu wa kumwona wa nyuma kwenye kioo, asipomwona kwa dakika mbili anapunguza, kwa tano anasimama, kwa kumi anageuka. Kwenye kila njia panda wa mbele husubiri hata kama njia inaonekana wazi. Kwenye vumbi acheni nafasi ya mita 200 au zaidi, vinginevyo wa nyuma anakula vumbi na chujio lake linakufa mapema, jambo ambalo kule juu mmeshaona gharama yake. Taa mara mbili iwe punguza, honi ndefu iwe simama. Na kila asubuhi mtajiane mahali pa kukutana endapo mtapotezana na mtandao haupo: kituo cha mafuta, zahanati, stendi. Fedha, dawa na spana visiwe vyote kwa mtu mmoja. Ikitokea ajali, mmoja anabaki na majeruhi, amfunike na asimvue kofia ngumu bila sababu ya kupumua, mwingine anatafuta msaada na kupiga 112. Leseni yenye daraja A, kadi ya pikipiki na bima ziwe mwilini, ndani ya nailoni.

Pancha itatokea, na mara nyingi ni ya nyuma. Toa gurudumu, fungua kiini cha valvu hewa yote itoke, kisha kanyaga tairi pande zote mpaka ukingo wake uachane na rimu. Siri iko hapa: upande ulio mkabala na pale unapobenulia, piga goti juu ya tairi ili ukingo udumbukie kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukidumbukia, upande wako unapata ulegevu na vyuma vya kutolea vinaingia bila kutumia nguvu. Usipodumbukia, utavunja vyuma. Kabla ya kutoa tyubu weka alama ya chaki au tope kuonyesha valvu ilikuwa wapi, ili ukipata tundu ujue msumari uko sehemu gani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa kwenye ncha ambayo macho hayaioni. Kiraka kinabandukia kwenye haraka: kwangua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, subiri dakika tano mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kugongagonga kuanzia katikati kwenda nje.

Wakati wa kurudisha, jaza tyubu hewa kidogo tu ipate umbo, la sivyo itabanwa na chuma na utaanza upya. Anza kuingiza ukingo upande wa mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, ukiisukuma valvu ndani kwanza ili tyubu isikae chini ya ukingo. Nati ya valvu iache legevu: valvu ikianza kulala upande, ni ishara kwamba tairi linateleza juu ya rimu kwa sababu ya upepo mdogo. Kwa Boxer upepo ni psi 25 mbele, na nyuma 28 hadi 32 kulingana na mzigo. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, tena kila mlipolala, kwa sababu kipimo husoma tofauti Kitulo na Matema.

Siku za aina hii zihesabiwe kwa saa. Kwenye vumbi la mlima kilomita 80 hadi 100 kwa siku zinatosha, kwenye lami 250. Ondokeni saa moja asubuhi, lengo liwe kufika saa kumi jioni, ili pancha mbili bado ziwafikishe kabla ya giza. Kushuka kutoka Kitulo baada ya saa tisa alasiri sikushauri hata kidogo: mvua za milimani hupenda alasiri, na mnakuwa mmechoka katika sehemu inayodai zaidi.

Matema ni pa kupumzisha miili na pikipiki. Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu uliyoandika. Egesha juu ya ubao, kwa kuwa stendi inazama mchangani na pikipiki inalala na kumwaga petroli. Gonga spoki moja moja kwa spana: zilizokaza zinalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa, na mbili zilizolegea pamoja zitaleta ya tatu kwenye makorongo. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza beringi imekwisha, na Kyela mjini wanazo. Fungua ngoma za breki, futa unga mweusi kwa kitambaa kibichi bila kuupuliza mdomoni, na uangalie uso wa shuu. Uliong'aa ukwangue kwa msasa mpaka ufifie. Ukibaki chini ya milimita 2, badilisha zote mbili za gurudumu hilo kabla ya kugeuza, hata kama njia ya kurudi Mbeya inaonekana ni ya kupanda tu, kwani baada ya Isyonje inashuka tena hadi Uyole.